Mwaka Tulioamua Kuwa Dola Kuu

Mimi ni mtunza makoti. Naanza na hilo msije mkadhani nasema kwa niaba ya Muungano, maana Muungano una wasemaji wake ishirini na wawili, mmoja kwa kila nchi, na wa ishirini na tatu wa kufafanua wale wengine walimaanisha nini. Kazi yangu ni kupokea makoti ya waheshimiwa wanapoingia Ukumbi Mkuu hapa Kikaoni, mji mkuu wetu, ambako mvua haijui msimu. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na sijawahi kumrudishia mtu koti lisilo lake. Jina langu Mbaruku.

Kwa wasiotufahamu: sisi ni watu wa Bara la Kale. Zamani kila nchi yetu ilikuwa na jeshi lake, na jeshi lilipokosa kazi nyumbani lilipanda meli kwenda kuwatawala watu wa mbali ambao hawakuwa wametuomba. Halafu tukageukiana wenyewe kwa wenyewe, tukauana mara mbili hadi tukachoka. Ndipo tukakaa kitako tukaapa kwamba tangu siku hiyo ugomvi wetu wote utafanyika vikaoni. Na kiapo tumekitimiza. Nasema hivi bila mzaha wowote. Baba yangu alizikwa na mguu mmoja. Mimi nasimama kazini kwa miguu yangu miwili, na kila nikiwaona waheshimiwa wakitoka kikaoni wamenuna, namshukuru Mungu kwamba wamenuna tu.

Mtu mmoja wa Ukingoni aliingia Jumanne moja, mwanzoni mwa mwezi wa pili. Alikuwa amevaa shati zito jeupe la mikono mirefu na kofia pana yenye wavu ulioshuka hadi mabegani, ananuka moshi na nta. Walinzi walimpigia saluti. Walidhani ni mjumbe wa nchi mojawapo aliyevaa vazi la taifa.

"Nipokee kofia, Mheshimiwa?" nikamuuliza.

"Mimi si mheshimiwa, ndugu yangu," akasema, akivua kofia. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Naitwa Simai. Nafuga nyuki Ukingoni. Nimekuja kusema kwamba Jirani anasogeza vigingi."

Ukingoni ni kijiji chetu cha mwisho upande wa mashariki. Ukishakivuka unaingia kwa Jirani, nchi moja peke yake iliyo kubwa kuliko zetu zote ishirini na mbili tukijikusanya. Mpaka wenyewe ni vigingi vya mti vilivyopakwa chokaa. Simai alinieleza kwamba tangu mwaka uanze, kila asubuhi baada ya chai, askari mmoja wa Jirani huja na nyundo, akang'oa vigingi, akavisogeza hatua mbili upande wetu, akavigongomea, akaenda zake. Hapigi mtu. Hatukani mtu. Kwa hatua mbilimbili hizo alikuwa ameshachukua mizinga arobaini ya nyuki, kisima cha kijiji, na makaburi.

"Kutoka kigingi hadi mlangoni kwa mama yangu ni hatua mia tatu na sitini," akasema. "Nilizipima mwenyewe kabla ya kupanda treni. Hizo ni siku mia moja na themanini. Mama ana miaka themanini na minne na hataki kuhama. Nimwone nani?"

Nilifanya hesabu kichwani nikashtuka kidogo. Siku mia na themanini zilikuwa zinaishia mwezi wa nane, na mwezi wa nane Muungano wote huwa likizo. Lakini sikumwambia. Mtu ametoka mbali, huanzi kumkatisha tamaa mlangoni.

Nikampandisha ghorofa ya tatu, Idara ya Wasiwasi.

*

Msimfikirie vibaya Bwana Shomvi, mkuu wa idara hiyo. Ni mtu mwema. Alimkaribisha Simai, akamvutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho bila kutazama saa. Kisha akatoa kwenye droo ubao mdogo wenye ngazi tano, ambao ndio nyenzo kuu ya kazi yake. Ngazi ya kwanza ni wasiwasi. Ya pili wasiwasi mkubwa. Ya tatu wasiwasi mkubwa mno. Ya nne masikitiko. Ya tano, ambayo haijawahi kutumika, ni masikitiko yasiyo na mfano.

"Mizinga, hiyo ni wasiwasi," alisema, akiandika. "Kisima tukipe wasiwasi mkubwa. Haya, makaburi. Kuna mtu yeyote aliyeathirika?"

"Baba yangu yumo humo."

"Anaendeleaje?"

"Bwana, nimesema makaburini."

"Oh! Basi hayo ni masikitiko," akasema Bwana Shomvi, na uso wake ukapata nuru, maana hata ngazi ya nne haikuwa imetumika muda mrefu.

Tamko lilitafsiriwa kwa lugha ishirini na mbili likapelekwa mpakani kwa tarishi maalumu. Wiki iliyofuata simu ya mezani kwangu ililia. Alikuwa mama yake Simai, Bi. Mwanakheri, ambaye mwanawe alikuwa amempa namba ile kwa sababu nyingine zote za jengo hujibiwa na mashine.

"Mwanangu, karatasi yenu imefika," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, haina haraka. "Yule kijana ameisoma. Ameikunja mara nne. Kulikuwa na kigingi kimoja kinatikisika, ameipachika pembeni yake, sasa kimetulia."

Simai alirudi ghorofa ya tatu mbio. Nilimfuata kwa kuwa alikuwa amesahau kofia yake mezani kwangu.

"Bwana Shomvi, mimi sikuja kutafuta karatasi. Nataka vile vigingi virudishwe vilikokuwa."

Bwana Shomvi alimtazama kwa huruma kama daktari anayelazimika kusema kweli. "Ndugu Simai, kuwa na wasiwasi tunaruhusiwa. Sheria inatupa hadi ngazi ya tano. Lakini kushika kigingi kwa mikono na kukirudisha, hiyo ni kazi ya dola kuu. Nasi hatujaamua kama sisi ni dola kuu."

"Mtaamua lini?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza," alisema Bwana Shomvi. Akalifikiria jambo lile, akavutiwa nalo sana, akaanza kuandika.

Hivyo ndivyo swali lilivyofika Baraza Kuu: *Je, Muungano wa Bara la Kale uwe dola kuu ya dunia?* Watu wengi wanadhani lilibuniwa na wasomi. Lilianzishwa na mfuga nyuki aliyetaka kisima chake.

*

Simai alipewa beji iliyoandikwa MWANANCHI WA MPAKANI na kiti cha mbele chenye kibao cha jina. Walimwomba avae ile kofia yenye wavu kila kikao kwa ajili ya picha. Alivaa. Angevaa hata ndoo kichwani kama ingesaidia. Alilala kwa dada yangu, mtaa wa nyuma, na kila asubuhi tulitembea pamoja hadi ukumbini, akihesabu kwa sauti ya chini: mia tatu ishirini na mbili, mia tatu na ishirini.

Majuma matatu ya mwanzo yalikwenda kwenye neno *kuu*. Nchi tano hutumia neno moja kwa kusema kuu, kubwa, nene na zee, na wajumbe wao walitaka kwanza wahakikishiwe hatuanzishi dola nene. Jambo hilo likatatuliwa. Majuma mawili mengine yalikwenda kwa mwenyekiti, kwa sababu uenyekiti wetu huzunguka kila mwezi ili nchi isione wivu, na mwenyekiti mpya huanza kwa hotuba ya kuwakaribisha watu ambao tayari wamekaa.

Halafu akasimama Mheshimiwa Jumbe Tawala. Huyu ni mjumbe mrefu, mwenye koti zito la manyoya linalonipinda mgongo kila nikilipokea, na sauti yake haihitaji kipaza sauti, ingawa hukitumia.

"Waheshimiwa!" alinguruma. "Sisi ni nani? Tunazo nchi ishirini na mbili! Nyimbo za taifa ishirini na mbili! Jibini aina mia tisa! Vyuo vyetu vina umri mkubwa kuliko nchi za watu wengine! Kwa nini basi mambo ya dunia yanapopangwa sisi tunasomewa matokeo? Jirani anasogeza vigingi kwa sababu anajua tutamwandikia barua. Ng'ambo ya bahari kuna rafiki yetu mkubwa aliyekuwa akitulinda, na sasa hapokei simu. Hadi lini tutakuwa watu wazima wanaovushwa barabara kwa kushikwa mkono? Tuwe na jeshi moja! Sauti moja! Tuwe dola kuu!"

Walipiga makofi mpaka taa za ukumbi zikatetemeka. Hata mimi, nikiwa mlangoni, nilijikuta nimenyoosha mgongo. Simai alikuwa amesimama, machozi yanamtoka nyuma ya wavu.

Ndipo Bi. Asumini akaomba nafasi. Anatoka nchi yetu ndogo kuliko zote, ni mama mzee mwenye fimbo, na huwa hapandishi sauti.

"Mheshimiwa Tawala anauliza kwa nini tusiwe wakubwa," alisema. "Tumewahi kuwa. Babu yangu alikuwa mkubwa. Alitumwa nchi ya mbali, na picha yake ya huko ipo sebuleni kwetu mpaka leo. Yeye amekaa kwenye kiti, na nyuma yake wamesimama watu kumi na wanne. Nimeitazama picha ile maisha yangu yote. Babu anacheka. Wale kumi na wanne hakuna anayecheka. Kila dola kuu ilianza kwa kusema inakwenda kumlinda mama wa mtu fulani. Mimi naogopa, waheshimiwa. Simwogopi Jirani. Natuogopa sisi."

Nilimwona Mheshimiwa Tawala mwenyewe akiangalia vidole vyake.

Simai alibonyeza kitufe cha kuomba kusema. Hakikuwaka, kwa sababu kiti chake kilikuwa cha picha tu. Akavua kofia akasimama hivyohivyo.

"Mama Asumini, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Uliyosema nimeyasikia, na sina la kukujibu. Mimi sitaki mtu yeyote asimamishwe nyuma ya kiti cha mtu. Sitaki hata yule askari apigwe. Ana mama naye. Nataka kigingi kirudi kilikokuwa, basi. Ninyi mna elimu. Hakuna kitu chochote kilicho katikati ya karatasi na kiboko?"

Bi. Asumini alifungua mdomo, akaufunga. Mheshimiwa Tawala alianza kunyanyuka, akakaa. Kwa dakika nzima watu ishirini na wawili waliosoma sana walikuwa wanafikiri kwa kweli, na niliamini, naapa niliamini, kwamba mmoja wao atalipata jibu.

Kisha mwenyekiti wa mwezi akagonga meza, akasema swali la mwananchi ni zuri kupindukia, na kwamba lisiharibiwe kwa kujibiwa harakaharaka. Ikaundwa Kamati ya Katikati. Imo kazini hadi leo.

*

Isidhaniwe kwamba hatukufanya lolote wakati huo. Mheshimiwa Tawala, kwa juhudi zake mwenyewe, alikusanya Jeshi la Kwanza la Muungano. Kila nchi ilichangia. Nyingi zilichangia majenerali, kwa kuwa ndio waliokuwa na nafasi. Walipohesabiwa wakawa majenerali ishirini na wawili na askari thelathini na mmoja, pamoja na bendi. Bunduki zao zilikuwa za aina saba na risasi za aina tisa. Waliondoka Kikaoni mwezi wa tano kwa shangwe, watoto wakipeperusha vibendera.

Walifika mpaka wa nchi ya tisa. Sheria ya nchi hiyo, ya enzi za vita vya zamani, husema jeshi la kigeni halipiti mpaka lionyeshe vyeti vya chanjo ya farasi wake. Jeshi letu halikuwa na farasi, kwa hiyo halikuwa na vyeti. Afisa wa forodha alikubali kabisa kwamba farasi hawapo. Alichosema ni kwamba fomu haina mahali pa kuandika hivyo.

Bi. Mwanakheri aliendelea kupiga simu kila Ijumaa saa nne. Nilikuwa nampa Simai kiti changu, nami nahudumia makoti kwa mkono mmoja huku nimeinamia upande wake nisikie.

"Leo amefika banda la kuku," alisema Ijumaa moja ya mwezi wa sita. "Kigingi kimepita katikati. Jogoo yuko kwetu, majike yako kwake."

"Mama, yule askari anakusumbua?"

"Hata. Kijana wa watu ana adabu. Ananiamkia kila asubuhi."

"Usimpe chai, mama!"

"Simpi. Anakuja na yake."

Simai alikunja waya wa simu vidoleni. "Mama, njoo huku. Kuna chumba kwa dada yake Mbaruku. Njoo ukae hadi mambo yatulie."

"Simai, mimi hapa nimeolewa, nimezaa, nimefiwa. Nikiondoka, huyu kijana hatahitaji hata nyundo. Tulikubaliana mimi nikae, wewe uende ukalete watu. Mimi nimekaa. Wewe je?"

"Wanapiga kura karibuni, mama."

"Haya," akasema. "Haya, mwanangu."

Kura yenyewe ilitaka nchi zote ishirini na mbili zikubali. Ishirini na moja zilikubali mwishoni mwa mwezi wa sita. Nchi moja ilisema haina kinyongo hata kidogo na jambo la dola kuu, ila haitanyoosha mkono hadi bara zima litamke kwamba supu ya maharage ilibuniwa kwao. Nchi mbili zinazopakana nayo nazo zinaidai supu hiyo hiyo. Wapishi waliitwa. Wanahistoria waliitwa. Zilionjwa supu kumi na saba mbele ya Baraza, na Simai naye akapewa bakuli kila mara, akala akitazama ukutani, midomo yake ikihesabu. Sitini na nne. Sitini na mbili. Usiku hakuwa akilala tena. Dada yangu aliniambia humsikia akipima sakafu ya chumba kwa hatua.

Siku waliyoafikiana kuhusu supu zilikuwa zimebaki hatua kumi.

*

Sherehe ilifanyika siku mbili baadaye, mwishoni mwa mwezi wa saba. Nchi ishirini na mbili zilinyoosha mikono kwa pamoja, bendi ikapigwa, Mheshimiwa Tawala akasoma Azimio: kuanzia tarehe mosi ya mwezi wa nane, Muungano wa Bara la Kale ni Dola Kuu ya Dunia, yenye haki zote, heshima zote na majukumu yote yaendanayo na cheo hicho, isipokuwa yale yatakayofafanuliwa baadaye. Watu walikumbatiana. Na mimi nilikumbatiwa, na mtu ambaye nimempokea koti miaka kumi na mbili bila yeye kujua jina langu.

Halafu pazia likavutwa, ikaonekana ramani mpya ya dola kuu, ukubwa wa ukuta mzima.

Simai aliisogelea. Alivua kofia, akaweka kidole upande wa mashariki, akakishusha taratibu, akakipandisha tena. Akanigeukia.

"Mbaruku, hebu nisaidie kutafuta. Macho yangu hayaoni vizuri leo."

Nilitafuta. Macho yake hayakuwa na tatizo.

Tulimwita Bwana Shomvi, naye akamwita mchora ramani, akaja kijana safi mwenye miwani aliyejieleza kwa ufasaha. Ramani ilikuwa ianze kutumika tarehe mosi na idumu mwaka mzima. Isingefaa kuchora mpaka wa siku ya kuchapa wakati kila mtu anajua kwamba unasogea hatua mbili kwa siku. Kwa hiyo walipiga hesabu, wakauchora pale utakapokuwa.

"Mwaka mzima?" akauliza Simai.

"Ndiyo. Ili tusilazimike kuchapa nyingine," alisema kijana.

"Lakini sasa ninyi ni dola kuu," Simai alimwambia Bwana Shomvi. "Ulisema dola kuu inaweza kurudisha kigingi. Ulisema. Nilikuwepo, na Mbaruku alikuwepo."

Bwana Shomvi alikuwa karibu kulia, na simsingizii. "Inaweza, ndugu yangu. Inaweza kabisa. Lakini tunaanza tarehe mosi, na tarehe mosi ni likizo. Tukirudi mwezi wa tisa, kijiji kitakuwa tayari upande wa pili, na kukigusa kutakuwa uvamizi. Dola kuu yetu imeapa kutovamia. Kiapo kipo kwenye Azimio, ibara ya tatu. Bi. Asumini ndiye aliyekiweka, na ni kipengele kizuri sana." Kisha akanyoosha mkono. "Naomba pia ile beji. Mwananchi wa Mpakani lazima awe mwananchi."

Simai aliitoa beji shingoni akampa. Nilikuwa nikitarajia apige kelele, na ningemsaidia, lakini mtu aliyesubiri miezi sita hana hata pumzi ya kupigia kelele.

Waheshimiwa walikuja kuchukua makoti. Mheshimiwa Tawala alimshika Simai mkono kwa mikono yake yote miwili. "Bila wewe tusingefika hapa," alisema, na alikuwa anamaanisha. Bi. Asumini alikuja wa mwisho, fimbo mkononi. Alisimama mbele yake.

"Nilisema kweli siku ile," akasema.

"Ulisema kweli, mama."

"Basi mbona najisikia hivi?"

Simai alimshikia koti akalivaa, kazi ambayo ilikuwa yangu, na akamsindikiza hadi kwenye ngazi ili asiteleze kwa mvua.

*

Mimi likizo zangu zote huzimalizia kwa dada yangu, nikimtengenezea paa. Mwaka ule, likizo ilipoanza, nilikata tiketi mbili za mashariki. Sikuwa na mpango. Niliona tu haifai mtu aliyeondoka kwao kwenda kuleta watu arudi peke yake.

Treni ilichukua siku mbili. Kwenye mpaka wa nchi ya tisa tuliliona Jeshi la Kwanza la Muungano limekaa kando ya reli, askari wanafua soksi, majenerali wamekaa kivulini. Simai aliwapungia mkono dirishani. Nao wakapunga, wote, kwa furaha.

Tulifika Ukingoni asubuhi, jua limeshapanda. Vigingi vilikuwa vimepita nyumba ya mama yake kwa hatua sita. Upande ule kulikuwa na meza ndogo na muhuri, na yule askari wa Jirani, kijana mwenye masikio makubwa, amesimama kando yake. Bi. Mwanakheri alikuwa barazani kwake na ungo mapajani, anachambua mchele. Alituona, hakunyanyuka. Nadhani aliogopa kunyanyuka.

"Unaingia?" askari alimuuliza Simai.

"Naingia kwa mama yangu."

"Jina."

Alilitaja. Askari akaliandika, akagonga muhuri. Nilikuwa nimezoea mambo mengine, nikauliza kama hakuna saini zaidi, au ofisi nyingine ya kupitia.

"Fomu yetu ni moja," alisema askari. Kisha kwa Simai, bila ukali: "Ukiingia, hutoki. Nakwambia ujue."

"Najua."

Niliona lazima niseme kitu kwa niaba ya upande wetu, ingawa mwanzoni kabisa niliwaambia kwamba siyo kazi yangu. "Sisi ni dola kuu tangu juzi," nikamwambia askari.

"Hongereni," alijibu, na wala hakuwa akidhihaki.

Simai alinikumbatia. "Ukirudi kule waambie..." alianza, akafikiri. "Hapana. Usiwaambie kitu. Wataandika."

Akavuka. Mama yake aliweka ungo chini, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku. "Umekonda," alisema. Kisha akatazama nyuma yake, kwenye barabara iliyokuwa tupu hadi stesheni. "Umeleta watu?"

"Nimemleta mmoja, mama."

Bi. Mwanakheri alikuja taratibu hadi karibu na vigingi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Natunza makoti, mama."

Hakucheka. Ningependa angecheka. "Na kwenu ni wapi?"

"Kikaoni."

"Ni mbali?"

"Siku mbili kwa treni."

Aliwaza, macho yake yakipima ile barabara, na midomo ikicheza kidogo kama ya mwanawe.

"Basi ninyi bado mna nafasi," akasema, kwa upole, kama anayemfariji mtu.

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa natafuta la kumwambia, lakini yule askari alikuwa ameshafika na nyundo yake na kigingi begani, amesimama kwa adabu, akingoja nisogeze mguu.